Bahasha ya Uzeeni Chini ya Godoro la Bibi

Ilianza Jumanne, saa tisa na robo alasiri, baba alipoulizwa swali moja akajibu, "Hakuna."

Tulikuwa mbele ya mfilisi, mama mmoja aliyepewa na mahakama kazi ya kukusanya mali za baba na kuwagawia wanaomdai. Mashine ya kukoboa mpunga aliyoikopea kule Maramba ilikufa, deni likabaki, na mahakama ikamtangaza kuwa mufilisi, mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake. Mimi nilikwenda kumwandikia, maana ana mtoto wa jicho. Kalamu naiweza. Kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda.

"Una fedha yoyote utakayolipwa ukistaafu?" ndilo lililokuwa swali.

Nilijua anayo. Siku mbili kabla alinituma Mabawa kwa bibi, mama yake, na bahasha yenye karatasi zake zote za kustaafu. Huku kwetu Ngamiani dalali akinukia tu, watu huhamishia makochi kwa jirani. Baba alihamisha uzee wake. Bibi aliisokomeza chini ya godoro, akanicheka: "Kisichoonekana hakidaiwi, mjukuu wangu. Na wewe kwa kimya hicho, hata mganga hakutoi neno."

"Binti, mbona huandiki?" mfilisi akaniuliza.

Nikatazama meza. Alidhani sijaelewa, akanieleza taratibu. Mafao yaliyomo kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ni ya mzee mwenyewe, sheria haiwaachii wadai wayaguse. Lakini kama mwajiri alimshikia sehemu ya ujira, akamwahidi kumlipa siku ya kustaafu, na hela ile bado imo katika hela za kampuni, basi hiyo ni mali kama mali nyingine. Ikilipwa, inaingia kwenye fungu la wadai.

"Ila zote ziandikwe," alisema. "Anayeficha hata ile iliyo salama anajitia hatiani, na anaweza kunyimwa kuondolewa ufilisi. Chukueni fomu, mnirudishie kesho."

Baba anazo zote mbili. Ile ya kampuni ndiyo kubwa, na ndiyo aliyotaka kununulia shamba la michungwa.

Nyumbani, chai ilipokwisha poa, baba akaanza.

"Ungeandika tu hakuna, mwanangu."

"Ingekuwa mwandiko wangu, baba."

"Ile ya kampuni itakwenda."

"Ya mfuko itabaki."

"Kidogo hicho."

"Ndiyo, baba."

Kusema kweli nilitamani anikataze, ili lisiwe juu yangu. Hakunikataza. Aliinuka kwenda kutia udhu, akasema akiwa mlangoni, "Uwahi kabla bibi yako hajatoka kwenda sokoni."

Asubuhi nilipanda baiskeli hadi Mabawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata vitumbua?"

"Nimefuata bahasha. Baba anajua."

Bibi akaliinua godoro mwenyewe. "Kumbe mdomo unao," akasema, akaniwekea na kitumbua.

Nilikaa kizingitini kwake, fomu juu ya goti. Nikaandika ya mfuko, kisha ya kampuni, kwa herufi kubwa, ili baba aweze kuzisoma mwenyewe kabla hajatia saini.