Tairi za Lori la Kijani

Nikiwa mtoto, nilitoa upepo kwenye tairi zote za lori la Baba, nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima wa Umoja. Tuliliuza baadaye, nimonia ilipomchukua Baba. Juzi nililiona mtaani Kariobangi likibeba mchanga, na mzaha niliozoea kuusimulia juu yake ukaniishia mdomoni.

Lilikuwa lori kuukuu la jeshi. Baba alikuwa amekwama nyumbani tangu ajali ilipomnyang'anya miguu, basi fundi akalichomelea mteremko wa kupandishia kiti chake cha magurudumu, na breki ya kuvuta kwa mkono, ili ajiendeshe kwenda kazini. Mimi nilijua kitu kimoja tu: gari la kijani hupeleka wanaume vitani.

Mchana ule lilinuka rangi mbichi na dizeli. Baba alikuwa bado akiuliza ufunguo uko wapi alipoona tairi zimelala.

"Nani amelaza lori langu?"

"Usiende vitani, Baba! Hata kukimbia huwezi!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Nilidhani ni kicheko tu.

Mama alinivuta sikio hadi jikoni. Nikangoja kofi. Akafungua mkebe wa majani chai, akatoa ufunguo wa lori.

"Nyamaza," akasema. "Hata mimi nilitaka abaki."