Niliyoyanyamazia Kwenye Benchi la Zahanati

Mwanangu, kuna siku moja siisahau, na kabla hujaingia nyumba ya watu Jumamosi hii nataka uijue. Mashangazi wengine watakufundisha kupika na kukaa na wakwe. Mimi ndiye shangazi yako mdogo kuliko wote, sijaota mvi hata moja, na shule yenyewe niliishia darasa la saba, lakini hili moja nalijua kuliko wao.

Niliolewa Kirushya nikitokea kwetu Nyamahanga, nina miaka ishirini na kichwa kimejaa ndoto. Nilikuwa nimeshaipaka rangi ya samawati nyumba ambayo hatujaijenga. Gaspari, mume wangu, alikuwa ananisikiliza, anacheka, halafu katikati ya maneno yangu kidevu kinashuka kifuani, amelala. Saa nne asubuhi, jua linawaka. Mwanzoni nilidhani nina sauti ya kubembeleza.

Kule tunalima kwa zamu. Nyumba kumi, kila Jumanne shamba la mtu mmoja, majembe yote kwenye mstari. Gaspari akisimama kidogo anywe maji, anasinzia palepale, ameegemea mpini. Watu walimtania. "Gaspari, leo umelima ndoto heka ngapi?" Naye anacheka pamoja nao, anafuta macho, anashika jembe. Baadaye kicheko kikaisha. Wakaanza kusema ni mvivu, wengine wakasema ni pombe ya ndizi, na kikundi kikamwambia akae pembeni msimu mzima. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilisema mbele ya majirani kwamba nimeolewa na gogo. Alikwenda shambani peke yake, na nilipompelekea chakula nilimkuta amelala katikati ya maharage, jembe bado liko mkononi.

Sasa sikia. Mimi nilikuwa najua. Usiku alikoroma mpaka mbuzi bandani wanaamka, lakini hilo tuliache, wanaume wengi wanakoroma. Ila kuna wakati kule kukoroma kulikatika ghafla. Kimya. Kifua kinahangaika na hewa haiingii, mimi nahesabu moyoni, halafu anavuta pumzi kama mtu anayeopolewa mtoni. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Anaamka kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, amechoka kuliko alipolala. Na sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Shangazi yangu alinifunda kama tunavyokufunda wewe: mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, na mambo ya kitandani hayatamki mahali ambapo baba mkwe anasikia. Nililishika hilo kuliko sala.

Aliyeona kwamba mtu anaisha ni huyo huyo baba mkwe. Alitupeleka zahanati mwenyewe, akakaa nasi benchi moja mbele ya daktari, kofia magotini. Daktari alikuwa binti wa umri wangu. Alipima presha, akaikuta juu, akauliza mengi kuhusu chakula na kazi. Kisha akanigeukia.

"Mama, akilala anakoroma? Kuna wakati pumzi inakatika?"

Gaspari akanitazama, maana hakuna mtu mwingine anayejua anavyolala. Nikamwona baba mkwe pembeni ya jicho. Nikainamia miguu yangu.

"Analala vizuri tu," nikasema.

Tukarudi nyumbani na vidonge vya presha.

Wiki ya tatu yake Gaspari alifunga mikungu miwili ya ndizi kwenye baiskeli akaenda sokoni. Ule mteremko wa kwenda sokoni aliujua tangu utotoni. Waliokuwa nyuma yake walisema hakuteleza wala hakuwa anakwepa kitu. Njia ilikata kona, yeye akanyoosha moja kwa moja, hata breki hakuigusa. Walimtoa bondeni nyonga imevunjika.

Hospitalini daktari mwingine, mtu mzima, aliniuliza swali lile lile. Safari hii nilisema yote, nalia, na baba mkwe amesimama palepale. Daktari akatueleza kwamba inawezekana koo linaziba usingizini, mwili unakosa hewa, na mchana unadai usingizi ulionyimwa. Akasema uhakika hautapatikana mpaka apimwe hospitali kubwa, Mwanza.

Baba mkwe akatoka nje ya wodi. Nikamfuata.

"Mkamwana, haya uliyajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, baba."

"Na siku ile zahanati?"

"Ulikuwa umekaa pale."

Aliigeuza kofia mikononi. "Ungeniambia nitoke," akasema. "Ningetoka, mwanangu. Ni hatua tatu mpaka mlangoni."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Gaspari hatembei bila magongo. Mwanza hatujafika bado. Barua ya rufaa tunayo, ila nyonga haijakubali safari ndefu namna ile. Analala kwa ubavu, pombe ya jioni ameiacha, na kuna asubuhi anaamka mwepesi kidogo. Siku nyingine anasinzia na kijiko mkononi, nami naishika sahani isimwagike mpaka ashtuke. Mtu akisema mvivu, namjibu mimi: anaumwa. Ndoto zangu siku hizi zimekuwa fupi, natamani tu alale usiku mmoja mzima.

Basi mwanangu, waheshimu wakwe zako, uwapigie magoti, usiwataje majina. Hayo yote ni mazuri, hata mimi nayafuata. Lakini daktari akiuliza, jibu. Ukiona haya, mwombe mkwe atoke. Mkwe mwenye upendo atatoka. Ukishindwa hata hilo, mvute daktari pembeni umnong'oneze. Na mumeo akisinzia mchana, usikimbilie kumwita gogo mbele ya watu. Sikiliza kwanza anavyopumua, kwa sababu yeye hawezi kujisikia, na mle ndani hakuna masikio mengine ila yako.

Nenda na amani. Mungu awalaze salama, na kila asubuhi awaamshe wote wawili.