Betri Mbili za Gemu ya Mama

Mama yangu alipenda gemu. Naandika hivyo hivyo, maana alipokuwa hai niliona aibu kusema.

Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vya nje vikajaa mpaka kwetu Kiwira. Mdogo wangu akanunua gemu ya mkononi, ile ya matofali yanayodondoka, akawaletea wanangu. Waliicheza siku mbili. Siku ya tatu ikawa ya bibi yao.

Mama alichuma chai tangu usichana, vidole vyake havikujua kupumzika. Yale matofali aliyaita kuni. "Kuni hazipangwi ovyo," alisema. "Ukiacha pengo, zitakuangukia."

"Mama, mzee wa kanisa akikukuta je?"

"Akae, nimfundishe."

Kusoma hakujua, lakini namba alizijua kwenye mizani ya chai. Gemu ile ilitunza namba kubwa kuliko zote alizopata, na kila alipoipita aliniita. "Njoo uone namba yangu!"

"Nina maharage jikoni, mama."

Betri zikilegea, sisi wote huzitoa tukazianika. Kwa mvua hii ya Tukuyu, unazianika karibu na mafiga. Mama aliweka gemu nzima pale motoni. Nikamgombeza: "Utaiunguza. Toa betri."

"Usiziguse. Ukizitoa, inanisahau."

Nikasema moyoni, uzee huo.

Alipolazwa hospitali ya Makandana aliniomba nimpelekee gemu yake. Nikamjibu, "Hapa watu wanaumwa, mama. Si mahali pa michezo." Hakubishana. "Ndaga, mwanangu," akasema, asante kwa Kinyakyusa chetu, akageukia ukutani. Asante ya nini, mpaka leo sijui. Siku ya nne akafariki.

Tukapeleka tangazo la kifo redioni, ndugu wa Masukulu na wa mbali wasikie. Saa ya matangazo ikakaribia, watu wamejaa uani, na redio yetu ndogo haina betri. Nikaingia ndani nikachomoa mbili za gemu. Jina la mama likasomwa vizuri, na la baba yake, na la kijiji. Watu wakalia. Mimi nikaona nimefanya jambo la maana.

Matanga yalipoisha nikazirudisha betri. Nilitaka, angalau mara moja, nione hiyo namba. Nikawasha.

Sifuri.

Inanisahau, alisema, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Nikawauliza wanangu, bibi yenu alifika ngapi? Hawajui, wao walikwisha kuichoka. Nikamuuliza mdogo wangu. Akaniambia, "Dada, si wewe uliyekuwa unaishi naye?"

Ndiyo, ni mimi. Aliyeitwa aje aone ni mimi peke yangu, na kila mara nilikuwa na maharage jikoni.