Ndani ya Ghala la Mawe

Nilipoolewa Songea nilipewa chumba cha nyuma katika nyumba ya wakwe zangu, chini ya milima ya Matogoro, na mlango wake ulitazamana na ukuta. Huo haukuwa ukuta wa ua. Ulikuwa ubavu wa ghala la kale, lililojengwa enzi za Wajerumani kwa mawe matupu. Kila jiwe lilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, limechongwa na kukalishwa juu ya mwenzake hivi kwamba sikuwahi kuona chokaa katikati. Mchwa walitambaa juu ya ukuta ule asubuhi nzima bila kupata pa kuingilia. Nikifungua mlango, naona mawe. Nikifunga, nayajua yapo.

Mume wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika. Ilipoingia miaka ya ruksa, wafanyabiashara wakaanza kuja na malori yao kununua mahindi hadi mashambani, chama kikabaki bila mahindi, na makarani wakaambiwa waende nyumbani. Wangu akaenda Dar es Salaam. "Nikipata pa kushika nitakuita," aliniambia stendi, akiwa tayari mguu mmoja umo ndani ya basi. Masika ikapita, ikaja nyingine. Sikuitwa.

Kurudi kwetu, upande wa Mbinga, nilikuwa nimeshaomba. Mama mkwe hakuwa mkali. Alinijibu huku akipepeta mchele, bila hata kuinua macho. "Mwenye mke hayupo. Nani atakupa ruhusa?" Nilipomwuliza tena baadaye alinijibu maneno yaleyale. Sikuwa na mtoto ambaye ningemsingizia ugonjwa, wala kazi iliyoniita mahali. Nilikuwa nachota maji, nalima, napika, nalala, naamka nayatazama mawe.

Halafu kulikuwa na baba mkwe. Katika ukoo ule mkamwana haongei na baba mkwe wala hamtazami usoni. Tukikutana njiani, mimi ndiye niliyekuwa naingia kwenye majani na kuchutama, nikimpa mgongo mpaka apite. Chakula chake alikipeleka mama mkwe. Niliishi pale muda wote ule nikiijua kofia yake, kikohozi chake na viatu vyake vya matairi, lakini ukinikutanisha naye sokoni Mfaranyaki bila kofia nisingemtambua.

Yeye alikuwa mlinzi wa lile ghala tangu likiwa la ushirika. Chama kilipolifunga hakuna aliyekuja kumpokonya ufunguo, basi kila asubuhi aliendelea kulifungua na kulifagia, ingawa ndani hamkuwa na kitu zaidi ya mzani mbovu na magunia matupu. Watu walimcheka. Ilisemekana tajiri mmoja wa mjini analitaka alivunje, mawe akajengee nyumba yake.

Siku ninayoisema, mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Namtumbo. Aliniachia maagizo: chakula cha mzee nikiweke mlangoni pa ghala, nikohoe, niondoke. Mchana nilipika ugali na mboga ya maboga, nikafunika, nikapeleka. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka nusu ya mlima. Nilikohoa, sikusikia kitu. Matone yakaanza, makubwa, nikaona chakula kitalowa. Nikavuka kizingiti, hatua chache tu, niweke bakuli sakafuni mahali pakavu.

Alikuwa kwenye kona ya mbali, ameinama na ufagio. Niligeuza uso haraka. Na hapo upepo wa mvua ukaja kutoka mlimani, ukaukamata ule mlango wa mninga, ukaubamiza. Nikasikia kwa nje chuma kikigonga chuma.

Giza halikuwa kamili. Juu kabisa, karibu na bati, kulikuwa na matundu membamba ya kupitisha hewa, na mwanga uliingia humo kama unga unaomwagika. Niliusukuma mlango kwa mikono, kisha kwa bega. Haukutikisika.

"Komeo hilo," sauti ilisema nyuma yangu. "Limedondoka lenyewe."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu. Nilichutama palepale mlangoni, nikampa mgongo kama njiani, ila safari hii hakukuwa na kupita. Mvua ilipiga bati mpaka sikuyasikia mawazo yangu mwenyewe. Nilijua nyumbani hakuna mtu. Nilijua mlango unatazama mlima, kusiko na njia. Mama mkwe hakusema atarudi lini, na kule msiba ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Nikaanza kulia, si kwa sauti. Jambo la ajabu ni kwamba kilio kile hakikuwa kigeni. Ndicho nilichokuwa nakilia chumbani kwangu.

Mvua ilipopungua kidogo, alisema, "Kula, mama. Chakula kitapoa."

"Ni cha kwako, baba." Niliutazama mlango nikisema.

"Nusu yangu, nusu yako. Nimegeuka huku, kula."

Nikala. Nikalisukuma bakuli nyuma yangu kwa mguu, naye akalivuta. Kisha akaanza kuzungumza, polepole, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, kwa sababu Kingoni changu kilikuwa cha kuombea maji tu.

"Baba yangu alibeba mawe haya," alisema. "Baada ya Majimaji walikamata wanaume wote waliobaki, wakawaleta hapa. Jiwe moja, watu wengi, kamba na magogo. Wakilifikisha, wanalisugua na mwenzake kwa mchanga na maji mpaka likae. Lisipokaa wanachapwa, linashushwa, wanaanza tena. Wengine walifia hapa. Baba alikuwa akifika karibu na ghala hili anazunguka mbali, kama wewe unavyonikwepa mimi."

Sikujua kama nicheke. Nikauliza, "Sasa wewe unafagia kwa nini, baba?"

"Nilipopata kazi hapa, alininunia. Hakula kwangu. Halafu ushirika ukaleta mahindi yetu, ghala likajaa mpaka juu. Siku moja nikamwona amesimama pale mlangoni. Akaingia. Akauwekea ukuta mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, 'Haya, leo lina chakula.' Akatoka, na jioni ile akala kwangu. Sasa halina. Lakini sijui nikiache vipi kile alichokishika."

Alipomaliza akaanza kukohoa. Nilikizoea kikohozi chake kupitia ukuta, ila hiki kilikuwa kingine. Vumbi la mahindi ya kale na dawa ya wadudu lilikuwa limenyanyuliwa na ule mlango, na yeye alikuwa na pumu. Pumzi ilianza kumtoka kwa mlio, kama mtu anayepuliza kwenye chupa. Nilihesabu miti ya paa, nilitazama ukuta, nilifanya kila kitu isipokuwa kugeuka. Kisha nikasikia ameanguka juu ya magunia.

Nikageuka. Hivyo ndivyo nilivyouona uso wa baba mkwe wangu: mwembamba, mashavu yameingia, na macho ya mume wangu kabisa. Nilimwinua nikamwegemeza kwenye mzani, nikamfungua vifungo vya shati. Alitikisa mkono kunionyesha matundu ya juu.

"Upande ule kuna njia," alisema pumzi ilipomrudia kidogo. "Wanawake wanateremka na kuni mvua ikikatika. Kutoka hapa chini hawatasikia. Panda mabegani."

"Siwezi, baba."

"Panda, mwanangu. Nani anatuona?"

"Utakufa, baba, na pumu hiyo."

"Tukikaa nitakufa pia, tena wewe utabaki na maiti ya mkweo."

Alisimama juu ya mzani, akaegemea ukuta kwa viganja viwili. Nikavua kandambili zangu. Nikafunga khanga vizuri, nikaweka mguu kwenye goti lake, kisha kwenye bega. Nilikuwa nasema "samahani baba, samahani baba" kama mtu anayesali rozari. Niliyashika mawe, nikatafuta ufa wa kuingiza vidole, hakuna. Nilipanda kwa kusukuma tu, tumbo langu limegandamana na ukuta ule baridi, mpaka mkono ukafika kwenye tundu na nikaupitisha mdomo wangu nje, kwenye hewa.

Walikuwepo. Wanawake watatu au wanne, mizigo kichwani, wanateremka kwa uangalifu kwenye utelezi. Nikapiga kelele, "Jamani! Nisaidieni! Nipo humu ukutani!"

Wakasimama. Mmoja akatazama juu, akaona jiwe linaongea. Akatupa kuni. Wote wakatupa kuni, wakakimbia wakilia "Yesu wangu!", na mmoja akaacha ndala yake kwenye tope. Chini yangu nilihisi mabega yanatetemeka, nikadhani ndiyo mwisho wake. Kumbe alikuwa anacheka, huku pumzi haimtoshi.

"Wamedhani ni wale wa zamani," alisema niliposhuka. "Waache. Watarudi na padri."

Tulikaa tukisubiri, mgongo wangu na wake imeegemea mzani uleule. Hapo ndipo aliponiuliza. "Mwanangu, wewe unataka nini?"

Nilitafuta jibu la adabu nikalikosa. Nikasema, "Nataka kwenda kwetu."

Nilisikia tu ule mlio kifuani mwake, nikajuta nilivyosema, kwa kuwa mlango ulikuwa bado umefungwa na sikuwa na mahali pa kujificha.

Padri hawakumpata. Walirudi na katekista na kundi la wanaume wenye majembe, na maji ya baraka kwenye chupa ya soda. Nilipanda tena mabegani, safari hii bila kuomba samahani.

"Kwa jina la Baba," katekista aliita kutoka mbali, "wewe ni nani?"

"Ni mtu!"

"Mtu wa lini?"

"Wa leo! Mkamwana wa mzee wa ghala! Fungueni komeo, mzee ana pumu!"

Walinong'onezana. Bado walinyunyiza maji ukutani kabla ya kuzunguka mlangoni.

Mama mkwe aliporudi alikuta habari imeshafika sokoni na kurudi, imeongezwa chumvi. Alikaa siku nzima bila kusema nami. Jioni mzee alimwita, akaita na kaka zake, akaniita na mimi. Nikachutama mlangoni kama kawaida.

"Huyu alikanyaga mabega yangu," aliwaambia. "Mimi nilimwambia akanyage. Kuanzia leo atanisalimia." Akatoa kuku jike mweupe kutoka chini ya kiti, akanipa mkononi, mbele yao wote, kuonyesha mwiko umeondolewa. Nilisema shikamoo yangu ya kwanza nikiwa nimemshika kuku anayepigapiga mabawa. Kisha akaongeza, "Na Jumatatu anakwenda kwao."

"Mwenye mke..." mama mkwe alianza.

"Mwenye mke nitamjibu mimi."

Kaka yake mkubwa akasema hilo halijawahi kutokea. Mzee akasema anajua. Walibishana kwa Kingoni mpaka ugali ukapoa, nami sikuelewa hata robo, nimekaa na kuku wangu. Nilidhani watamshinda.

Jumatatu alinibebea sanduku mwenyewe mpaka stendi, mimi nikifuata nyuma yake, na wenye maduka walitoka kutuangalia. Alinitafutia kiti cha dirishani kwenye basi la Mbinga. Tulikaa pale muda mrefu, maana basi halikuondoka mpaka lijae, naye hakuondoka. Alisimama nje akipiga soga na kondakta.

Kwetu hawakunipokea kwa shangwe. Kaka yangu aliuliza nimerudi na nini. Nikasema kuku. Nililala chumba kimoja na watoto wake, na kuna asubuhi niliamka bila kujua nimefungiwa wapi safari hii. Mwishowe nilijifunza cherehani kwa jirani mmoja, nikaanza kushona sare za shule.

Mume wangu alikuja mara moja, amenenepa, amevaa shati la mtumba la maua. Alikaa barazani akaniambia Dar kuna nafasi sasa, nijitayarishe. Nilikuwa na gauni la komunyo kwenye cherehani, mwenyewe analisubiri. Nilimwambia amalize chai yake, kisha nikaendelea kushona.