Rumpa na Paa la Mitambuu

Rumpa alipata themanini na mbili kwenye sayansi, basi pale kwao Barishal hakuna aliyekunywa chai kwa amani tena. Siku nne kabla ya harusi ya dada yake, akaingia banda la bibi la mitambuu, ile mimea ya majani wanayotafuna wageni wa harusi, akaona majani yamekaa kivulini chini ya paa la nyasi, akayahurumia kwelikweli. Jani bila mwanga litajipikiaje chakula? Akaezua paa lote, akarudi ndani anajiona daktari aliyetoka kupasua mtu.

Kesho yake jioni majani yalikuwa ya manjano, yameungua.

“Haya profesa,” bibi akasema, “wageni mia mbili watafune nini, daftari lako?”

“Bibi, kitabu kinasema mmea unataka mwanga!”

“Kimesema kiasi gani?”

Rumpa akakumbuka kuna ukurasa aliuruka.

Ikabidi aombe tambuu kwa majirani, nyumba kumi na moja, na kila nyumba ilitaka kwanza isikie alichofanya. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kufika ya mwisho, sinia limejaa, naye anaeleza vizuri kuliko mwalimu: mtambuu ni mmea wa kivulini, jua kidogo linautosha, kichwa cha Rumpa ndicho kilichokuwa gizani.