Nilidhani Ni Matanga

Mwanangu alinileta Mlolongo nimlelee mtoto. Mke wake alikuwa amepata kazi kiwandani, anatoka kukiwa giza, anarudi kukiwa giza, na mtoto bado ni wa mgongoni. Bila mimi, hiyo kazi ingekufa. Nililijua hilo, na ndilo lililonifunga, maana mwili wangu wote ulikuwa unataka kurudi Kangundo.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu. Mimi niliyechimba matuta ya shamba na kina mama wenzangu wa mwethya, leo huku kwangu, kesho kwako, nikawekwa huko juu kama kuku wa kufungiwa. Nafagia, namaliza. Nafua nepi, namaliza. Natazama jua, bado ni asubuhi. Nafunga mtoto kwa leso, nashuka ngazi mpaka langoni, natazama malori yamepanga foleni kwenye mizani, napanda. Nashuka tena. Soja wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, lakini wewe huwezi kunitafutia.

Majirani walikuwa milango tu, milango yenye kufuli mchana kutwa. Mmoja, ule wa chini yetu, ulikuwa unakohoa. Nilijua kuna mtu ndani, basi.

Nikapanga nguo zangu kwenye kiondo kikubwa, nikakiweka nyuma ya mlango. Nikamwambia mwanangu mwezi ukiisha anirudishe nyumbani. Mke wake alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu kikapunguza mwendo.

Basi Jumapili moja, dirishani, nikaona wanawake wanabeba viti vya plastiki vichwani kwenda kwenye uwanja ulio kando ya mashine ya kusaga. Kuna hema. Kuna moto, na juu ya moto sufuria kubwa ya kutosha kuogeshea mtoto. Kwetu ukiona sufuria ya ukubwa huo nje, na viti vya kukodisha, kuna mtu amelala. Huulizi. Unajifunga leso kiunoni na huendi mikono mitupu. Nikafunga sukari kwenye karatasi, nikashuka mbio. Mungu anisamehe, nilifurahi. Angalau kifo kimenipa kazi.

Nikasalimia kila mtu kwa mikono miwili, poleni, poleni sana. Wakaitikia wakitazamana. Nikamvuta kando mama wa kibanda cha mboga, yule aliyekuwa ananiuzia nyanya, nikamuuliza polepole mwili uko wapi.

"Mwili gani, shosho?"

"Wa marehemu."

Alicheka mpaka akashikilia mguu wa meza. Kisha akanieleza. Wao ni wamama wa hapo tu, hakuna anayewalipa. Kila Jumapili wanachanga majani na maziwa, ili watu waliofungiwa ndani wiki nzima watoke, wanywe chai na wenzao. Hakuna aliyekufa.

Nikakasirika. Chai ya bure bila matanga? Hicho kwangu kilikuwa chakula cha msaada, cha mwaka wa njaa, na mimi si mtu wa kuhurumiwa. Wakanipa kiti, wakanipa kikombe. "Kaa tu, shosho, pumzika." Pumzika! Kupumzika ndiko kulikokuwa kunaniua. Nikatazama upande huu na ule. Wazee kama mimi, tumepangwa kama kliniki, kila mtu ana kikombe mapajani, macho mbele, kimya. Wamama wa watu walikuwa na roho nzuri, lakini mzee hawakumjua. Nikapanda nyumbani chai ikiwa bado na moshi, na sukari yangu nikairudisha.

Wiki hiyo miguu haikunipa amani. Nilipanda na kushuka mpaka mtoto akazoea kulala kwa ngazi. Mwishowe nikaenda kibandani, nikamwambia yule mama kwamba watu wake hawaongei kwa sababu mikono yao haina kazi. Anipe kazi au asiniite tena. Akaniuliza kazi gani. Nikamwonyesha gunia la mbaazi mbichi lililokuwa mbele yake.

Jumapili tukavunja ile mistari ya viti. Tukakaa duara, mbaazi katikati, tukaanza kumenya. Mwanzo ilikuwa maganda tu yakipasuka. Kisha mmoja akamwambia mwenzake anamenya kama mtu anayefungua mlango wa benki. Mwingine akasema kwao mbaazi zinaliwa na nazi, tukambishia. Midomo ikafuata mikono.

Kando yangu alikaa mama mmoja mzito, wa kutoka upande wa ziwa. Akakohoa, nikamjua. Huyu ndiye ule mlango.

"Ni wewe unapandanga na kushuka hizi ngazi," akasema, bila kuniangalia.

Nikajiandaa kugombana. Nikamwambia ngazi si za mtu.

"Sijakataa. Mtoto wangu akienda kazini ananifungia, na mimi nakusikiliza. Ukipita, najua kuna mtu. Siku ile ulichelewa nilidhani umekufa."

Nikamsogezea mbaazi.

Mwezi ukaisha. Mwanangu akavaa koti, akachukua kiondo nyuma ya mlango, akasema twende basi, mwaitu, mama yangu. Mke wake alikuwa amesimama na mtoto mkononi, hajavaa nguo za kazi.

Nikamnyang'anya kile kiondo, nikamwaga nguo kitandani, nikamrudishia kikiwa kitupu.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Zile mbaazi za tuta la juu zimekomaa. Zichume kabla ng'ombe wa watu hawajaingia. Ukijaza, rudi."

Mke wake akageukia ukuta, mabega yakicheza. Sikumuuliza kama ni kilio au ni kicheko, nilimwambia tu akavae, atachelewa.

Usijidanganye kwamba nilitulia. Sijatulia mpaka leo. Nilifunga mtoto mgongoni, nikashuka ngazi, na nilipofika kwenye ule mlango nikakanyaga kwa nguvu, ajue nimepita.