Lori Lilivuka Kavu

Naona mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Haya, chekeni mapema mmalize, maana aibu hii ni yangu na nimeibeba miaka mingi mpaka tumezoeana, na kama ni ya kusimuliwa basi afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kumwachia Arap Chumo, ambaye kila akiisimulia anaongeza idadi ya nyuki. Ila jambo moja nalisema hapa mwanzoni lisije likapotea njiani: lori lilivuka. Mto Kipsonoi ulikuwa umefurika, daraja la magogo limekwenda na maji, na mimi Elisha, dereva wa shamba la majani chai upande wa Kericho, nililivusha lori na watu wake wote, wala hakulowa abiria hata ukucha. Yaliyofuata baada ya hapo ni habari nyingine.

Siku zile madereva tulikuwa wachache, na dereva alikuwa mtu (sijisifu, waulizeni wazee). Ukipita na lori kwenye kambi ya wafanyakazi, akina mama wanasimamisha mchi hewani wakuangalie. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye lori halikumtisha hata kidogo, naye ni Mzee Zakaria, fundi mkuu wa maseremala kiwandani na mzee wa kanisa, mtu wa kwetu kutoka upande wa ziwa. Mzee huyu alikuwa na binti anaitwa Rael, na mimi nilikuwa nimemtaka Rael kwa muda mrefu, naye Rael alikuwa amekubali, isipokuwa kila nikipeleka wajumbe kwa baba yake jibu linarudi lile lile, kwamba tutaona. Na ninyi mnajua, baba akisema tutaona, unaweza kuota mvi yeye bado anaona.

Sasa ikatokea harusi huko Kaplong. Bibi harusi alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake Mzee Zakaria, kwa hiyo mzee ndiye aliyepaswa kumkabidhi kanisani, na bila yeye hakuna harusi. Bwana wa shamba alitupa ruhusa ya lori Jumamosi, kwa sharti lirudi zima. Kila kitu kimepangwa, kwaya imefanya mazoezi, halafu siku moja kabla ya safari watu wanatoka huko wanatuambia daraja la Kipsonoi halipo tena. Kambi nzima ikanywea. Mzee Zakaria akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, na mimi nilimhurumia kweli, lakini (niseme ukweli) niliiona pia nafasi yangu, nikasimama mbele ya watu wote nikasema nitawavusha.

Mzee akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. Akasema, "Nyathina, mwanangu, mimi nitavaa kanzu nyeupe. Ukinifikisha ng'ambo nikiwa mkavu, tutazungumza habari ya Rael."

Watu wote walisikia. Rael mwenyewe alikuwa pale pembeni, akajifanya anapepeta mtama.

Mimi usingizi niliuweka kando. Msidhani lori unalipeleka tu mtoni kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Kwanza unavua mkanda wa feni, kwa sababu feni ikigusa maji inayarusha juu ya injini nzima kama mtu anayepura ngano, na injini inakufa hapo hapo katikati ya mto. Pili, bomba la moshi, lile la nyuma, unaliongeza lisimame juu ya maji. Mimi nilikunja bati la madebe ya mafuta ya taa, nikaliunga kwa waya na udongo, likasimama nyuma ya lori refu kuliko mtu. Tatu, mbele unafunika turubai ili maji yasiingie kwa nguvu. Na nne, hili ndilo kubwa, unaziba mahali pote penye moto wa umeme, nyaya za plagi na kile kikombe kinachogawa moto, unapaka grisi nzito, kisha unazungushia vipande vya mpira wa tairi la ndani. Mimi nimezaliwa kwa watu wanaounda mashua. Kuziba kitu maji yasiingie nilianza kabla sijaota meno ya pili. Kwa hiyo hapo sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Wasiwasi ulikuja nilipofungua kopo la grisi nikakuta limekwisha, na stoo imefungwa, na funguo anazo bwana aliyekwenda Londiani.

Hapo ndipo akaingia Arap Chumo, tanboi wangu, yaani utingo wa lori, mtu mzima aliyenizidi umri na mwenye mizinga yake ya nyuki kule kwao Bureti. Akasema nta. Nta inaziba kuliko grisi, na maji hayaiwezi. Akaondoka, akarudi na kibuyu kimejaa masega mabichi, yametoka mzingani, yanang'aa. Tulionja kidogo (tulionja sana), halafu akasema, "Hii iko na asali bado. Tupike kwanza, tuchuje."

Na huu, ndugu zangu, ndio uamuzi wangu mdogo. Majogoo walikuwa wamekwisha kuwika, kwaya imeanza kukusanyika na mabegi, nikamwambia hatuna nafasi ya kupika, asali nayo inanata, itasaidia kuziba. Arap Chumo akaangalia juu, ukungu umelala juu ya majani chai huoni hata mti wa pili. Akasema, "Sawa. Na hii baridi, nyuki nalala tu." Msinilaumu peke yangu basi. Tulikuwa wawili.

Tukapaka. Tukapaka kwa moyo wote, mpaka injini ikawa kama mkate wa sikukuu.

Njia nzima mpaka Kapkatet kwaya inaimba, na Mzee Zakaria yuko kwenye kiti cha mbele karibu yangu, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia magotini. Tulipofika mtoni watu waliacha kuimba. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda na matawi. Sikukurupuka. Nilimtuma Arap Chumo aingie na fimbo apime, akavuka na kurudi, maji yakamfikia kiunoni na kupita kidogo, akaonyesha wapi kuna mawe na wapi kuna tope. Nikavua mkanda wa feni. Nikatia gia ya kwanza, na ukiingia mtoni gia hiyo huigusi tena, na mguu hauondoi kwenye mafuta, hutaki haraka wala hutaki kusimama, unakwenda mwendo mmoja tu kama mtu anayebeba mtungi.

Maji yakapanda. Yakafika kwenye vibao vya kukanyagia, yakapita, mawimbi mbele ya turubai yakagawanyika kulia na kushoto. Mzee Zakaria aliinua miguu akaiweka juu ya kiti (mzee wa kanisa, miguu juu ya kiti) na akafumba macho. Injini haikukohoa hata mara moja. Tukapanda ukingo wa pili tukichuruzika maji kama kiboko, na kwaya ikapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka.

Nikasimamisha lori juu kidogo, chini ya miti, nirudishe mkanda wa feni kabla injini haijachemka. Injini niliiacha iungurume kwanza ijikaushe, nikaogopa nikiizima mapema haitawaka tena. Nikafungua boneti. Nta ilikuwa imeyeyuka yote, asali inatiririka juu ya chuma cha moto na kuungua, ikatoka harufu, jamani, harufu nzuri isiyo kifani. Na ukungu ulikuwa umeondoka. Jua linawaka. Mimi nikaingiza mikono nikafuta kidogo, na wakati huo huo Mzee Zakaria akashuka, akajikagua kanzu mbele na nyuma, kavu, akaja kwangu akanyoosha mkono, akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Elisha," akasema, na hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. "Umefanya kazi ya mwanamume. Sasa kuhusu Rael, mimi kama baba yake nasema..."

Nyuki mmoja akatua puani pake.

Nikainua macho. Ile miti tuliyosimama chini yake ilikuwa na mizinga, kila tawi na gogo lake. Arap Chumo naye ameiona, na ninamshuhudia leo kwamba hakumwonya mtu, alijiviringisha kwenye turubai na kulala barabarani kama maiti. Kisha wakaja wote. Kwaya ilipanda kilima kwa kasi ambayo sijaiona tena. Mimi nikakumbuka kwamba nyuki hawapendi moshi, nikamwambia mzee akimbilie nyuma ya lori kwenye lile bomba la bati, naye kwa imani aliyokuwa nayo kwangu asubuhi ile akaenda kweli, akasimama kando ya bomba, na mimi nikarukia ndani nikakanyaga mafuta ili moshi uwe mwingi. Ukawa mwingi. Bomba lilitapika masizi ya safari nzima, kisha likaachia kwenye ule udongo wangu na kumlalia mzee begani.

Moshi uliwafukuza nyuki wa wengine. Wa Mzee Zakaria hawakwenda popote, kwa sababu mikono yake ilikuwa na asali, na asali ilikuwa imetoka kwenye mikono yangu. Akajifuta usoni, ikawa usoni pia. Hapo mzee akaliacha lori, akaniacha mimi, akateremka ule ukingo na kanzu yake ameishika juu ya magoti, akajitupa Kipsonoi.

Ningefanyaje? Nikamfuata. Tukakaa ukingoni kwenye maji mpaka shingoni, tumeshika mizizi, tunazama na kuibuka, nyuki wanatungoja juu. Kofia yake ilipita mbele yetu ikielekea ziwani kwetu. Mzee akaibuka, mdomo umevimba, akasema polepole, "Ulisema nitafika mkavu."

Nikasema, "Ulifika mkavu, Baba. Kwenye ukingo wa pili ulifika mkavu."

Alizama tena, na nadhani alizama kwa hiari.

Tuliporudi juu injini ilikuwa imechemka bila feni mpaka ikajizima yenyewe, ikabidi kwenda Kaplong kwa miguu. Harusi ilifungwa, kwa kuchelewa, na bibi harusi alikabidhiwa na mtu mweusi kwa masizi, jicho moja limefumba, anadondosha maji kila hatua, hata watu wa huko wakauliza kama huyu ni baba mdogo au ni mchoma makaa. Mimi nilisimama nje, karibu na dirisha. Niliona aibu mpaka nikatamani Kipsonoi ingenichukua pamoja na kofia. Na tangu siku hiyo nikipita na lori kambini, watoto hawakunipungia tena mkono. Walinivumia, vuuu, kwa meno yaliyofungwa.

Wajumbe sikutuma tena. Nilikaa mpaka mvua za mwaka ule zikaisha, ndipo siku moja nikajikaza, nikaenda kwa Mzee Zakaria mwenyewe, kwa miguu, na kabla ya kuondoka nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ikakunjamana. Nikamkuta kwenye kigoda chake. Nikanyoosha mkono. Akaupokea, akauinua mpaka puani, akaunusa upande mmoja, akaugeuza akaunusa upande wa pili, ndani ya nyumba nikasikia Rael anaziba kicheko kwa kanga.

Kisha mzee akaushika vizuri, kwa mikono yake yote miwili, akaniambia, "Elisha, siku ile tulikuwa tumefika wapi?"

Nimevusha mito mingi tangu hapo, na nta bado naitumia, haina mpinzani. Lakini naipika, naichuja mara mbili, na sisalimiani na mkwe yeyote kabla ya kunawa.